Fremu za Kilio

Waliokuja kumlilia Beya walifika saa mbili asubuhi, na aliyewafungulia mlango ni Beya mwenyewe, kifua wazi, sabuni ya kunyolea shavu moja. Walikuwa mama watatu wa kundi la sala, vitambaa vyeusi kichwani, mmoja amejitwisha mfuko wa unga wa mahindi. Yule wa mbele alianza kulia tangu kona ya Avenue Mitumba, maana kilio cha Kolwezi hakingoji ufike kwanza. Ukifika na macho makavu watasema umekuja kula. Alipomwona marehemu amesimama mlangoni na wembe mkononi, kilio kilikatika, akakaa chini vumbini, pu.

Beya ni mtu mpole. Alidhani jirani amekufa, akauliza kwa adabu ni nani aliyetutoka. Mama mwenye unga ndiye aliyemnyooshea simu bila kumtazama usoni, naye Beya akajiona: suti yake ya Pasaka, maua meupe pande zote, mishumaa miwili, msalaba, na chini yake maandishi ya dhahabu, PAPA BEYA KABONGO, ULALE KWA AMANI.

Chumbani, binti yake Mushiya alisikia ukimya ule kabla hajasikia neno lolote. Ile picha ilikuwa kazi ya mikono yake.

Sasa msiniulize kazi gani hiyo ya kuua wazazi. Mushiya alisomea uchoraji miaka miwili Lubumbashi, kisha bei ya kobalti ikaanguka, depo ambako baba yake alipima magunia ikafungwa, ada ikakatika, akarudi nyumbani na simu yenye kioo kilichopasuka. Katika simu hiyo alichora fremu. Maua, njiwa, mishumaa, pembeni mapambo, katikati shimo la kuwekea sura, chini mstari wa jina. Fremu nane kwa pakiti moja. Mtu anatuma franga elfu tano kwa simu, Mushiya anamtumia pakiti, mtu anaweka mfu wake mwenyewe, kisha anawapelekea ndugu na majirani habari ya kilio. Kitu chenyewe hakishikiki, hakina uzito, na ukishakiuza bado unacho. Mama yake, Tshiela, aliamini kwa miezi miwili kwamba mtoto ameingia uchawi, mpaka siku alipoona franga za kwanza zimegeuka unga na samaki.

Alichora na fremu za harusi pia, nzuri kuliko hizo. Lakini mwaka ule nani alioa? Mashimo ya wachimbaji yaliporomoka, watu walikufa kwa homa ambazo zamani zilitibiwa na mshahara. Kufa kufaana, walisema wahenga, na nyumba ile ilikula kwa msemo huo, hata kama hakuna aliyependa kuutamka mezani.

Taabu ilikuwa sura ya mfano. Mwanzoni Mushiya aliweka picha za bure za mtandaoni, wazee wa Ulaya wenye meno mazuri. Mama Elise, mwenye kibanda cha kupiga fotokopi pale mzunguko wa barabara, mteja wake mkubwa, alimcheka. Alimwambia, bantu yako benye kufa bote ni bazungu, nani wa hapa atanunua kilio ya muzungu? Kwa hiyo Mushiya akachukua sura ya baba yake. Akaweka na jina lake lote, ili wateja waone kwamba mstari unabeba hata jina refu, na chini kabisa akaandika MODÈLE, yaani mfano. Hakumwomba ruhusa. Utamwombaje baba yako sura ya kufia?

Mama Elise, naye kwa nia njema, aliituma kwenye kundi la mama wa sala ili waseme rangi gani inapendeza zaidi, dhahabu au zambarau. Simu huikata picha ndefu kabla hujaifungua. Neno MODÈLE likabaki chini, halionekani. Swali la rangi lilifika dakika tatu baadaye, na hakuna aliyelisoma. Walikuwa wameshaanza kulia.

*

Mama wale watatu walicheka mwishoni, kicheko cha aibu, wakasema mtu akizushiwa kifo ataishi sana. Wakataka kuondoka na unga ukawa tatizo. Unga wa kilio haurudi ulikotoka, na Tshiela naye hakutaka uingie jikoni kwake. Ukabaki kwenye kizingiti, kila mtu anauruka. Beya alimaliza kunyoa shavu la pili. Hakumgombeza binti yake, na Mushiya angependa agombezwe.

"Ungeniuliza," alisema tu.

Ingeishia hapo, ikawa hadithi ya kuchekesha watu kwenye bomba la maji. Lakini adhuhuri alikuja jirani yao Kabemba, mwalimu mstaafu, mtu wa kaskazini ya Katanga, katibu wa kamati ya mtaa, amevaa koti lake la mazishi. Alipomkuta Beya anakula bukari, ugali wake wa mchana, alishika ukuta.

Hapo lazima mjue jambo moja. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na namba nyekundu ukutani. Mtaa wa Kasulo watu walichimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao, kisha ukajengwa ukuta, wakatolewa. Sasa ilikuwa zamu ya huku. Kampuni ilikuwa imenunua udongo wote, na waliokuwa juu ya udongo walikuwa takataka ya kufagia. Malipo ya nyumba yalikuwa Ijumaa. Mashine za kubomoa zilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kabemba aliiona picha saa kumi na mbili asubuhi. Alilia, ndiyo, walikuwa marafiki wa miaka ishirini. Kisha akafikiri kama mtu aliyeona mengi. Mume akifa, ndugu zake huja na gari. Hubeba kitanda, redio, masufuria, hata mlango, na mjane hubaki na nguo aliyovaa. Mama yake Kabemba mwenyewe alifanyiwa hivyo, naye akiwa mtoto alibeba stuli moja tu. Basi saa moja alikuwa ofisini kwa kampuni, wa kwanza kwenye foleni, akaandikisha kwamba Beya wa namba mia mbili na kumi na nne amefariki, ili fidia iandikwe jina la mjane kabla wakwe hawajaamka.

"Nilifanya haraka ju ya mama Tshiela," alisema, akaanza kufungua vifungo vya lile koti.

Hawakumkasirikia. Utamkasirikiaje mtu aliyekupenda kiasi hicho? Beya aliosha mikono, akachukua kadi yake ya uchaguzi, akamwambia Mushiya wafuatane.

*

Ofisi ilikuwa kontena kwenye uwanja wa mpira wa shule, lenye dirisha moja. Ndani yake alikaa kijana anayeitwa Banza, shati safi, feni ndogo mbele ya uso. Foleni ilikuwa ndefu, na watu wa foleni wana masikio.

Beya aliweka kadi dirishani akaeleza. Alieleza vizuri, taratibu, na Mushiya nyuma yake alisikia aibu inampanda shingoni kila baba yake aliporudia kusema kwamba yeye ni mzima. Banza aliitazama kadi. Picha iliyokuwamo ilikuwa imefutika kwa jasho na miaka, ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Akatazama kompyuta.

"Tata, sikatae kama uko muzima," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Lakini humu ndani umeshakufa."

Akaeleza, wala si kwa ukali. Kumrudisha mtu kulihitaji barua ya kamati, muhuri wa wilaya, kisha makao makuu ya kampuni yajibu. Wiki tatu, zikienda vizuri. Na asiyelipwa kabla ukuta wake haujaanguka, huyo anakuwa mwenye malalamiko. Kila mtu aliwajua wenye malalamiko. Walikuwa wa kundi la kwanza, walivunjiwa mwaka juzi, na mpaka leo walipita na mafaili yao ya plastiki kwapani.

"Faili ya marehemu iko na njia yake," Banza alisema. "Mujane anasaini, mutoto mukubwa anasaini, ndugu ya marehemu anatangaza mbele ya bantu kama hatadai nyumba. Munaleta picha ya kilio yenye tarehe. Inaisha siku moja. Lakini faili ya mufu mwenye kufufuka, hiyo haina njia."

Beya akafungua mdomo. Mushiya alimwona anavuta pumzi ya mtu anayetaka kupaza sauti, na hapo mmoja kwenye foleni akasema, si kwa kificho, kwamba hawa Bakasai hata kufa hawajui kufa vizuri. Watu wakacheka, wengine majirani zao wa kila siku. Beya akaufunga mdomo. Alikuwa kijana watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga mara ya kwanza, alilala wiki tano kwenye stesheni akingoja treni, na huko alijifunza kwamba mtu mwenye jina kama lake hapazi sauti mbele ya dirisha. Alichukua kadi yake akasema asante.

Asante. Hilo ndilo lililomuuma Mushiya njia nzima mpaka nyumbani.

*

Tshiela alikataa. Alikataa amesimama, alikataa amekaa, alikataa huku anapembua mchele. Yeye ni mke wa kanisa, alisema, hajawahi kusaini uongo. Na hata angekuwa mpagani, mwanamke anayejiita mjane mume wake akiwa anapumua anamwita kifo kwa jina na kukiwekea kiti. Kwao, mjane hukaa chini, hunyolewa, hashiki sufuria. Vitu hivyo havichezewi. Afadhali kuvunjiwa.

Beya alimwacha amalize. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kuuliza chumvi, wadogo wawili wa Mushiya watalala wapi Jumamosi. Tshiela akaacha kupembua. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, matofali yake Beya aliyafyatua mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili, na fidia yake, dola elfu mbili na mia nane, ingetosha kiwanja na mabati upande wa barabara ya Kingamyambo. Bila hiyo hapakuwa na kitu. Hapakuwa hata na pa kwenda kuomba, maana ndugu wote wa upande wa Tshiela walikaa mtaa huohuo, na namba nyekundu ukutani.

"Mara ya kwanza walitutoa ju ya jina," Tshiela alisema baadaye, sauti imeishiwa nguvu. "Sasa wanatutoa ju ya udongo. Na bado banataka nikuzike mi mwenyewe."

"Utanizika kwa karatasi," Beya akasema. "Karatasi haiumi."

Alikuwa anadanganya, na wote watatu walijua.

Ndugu wa marehemu alipatikana kwa simu. Mukuna, mdogo wake Beya, anafanya biashara ya mafuta na sabuni Dilolo, mpakani. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaelewa, akaacha kucheka, akaahidi kupanda lori Alhamisi asubuhi. Kukosa kadi hakukuwa shida, nusu ya mtaa hawakuwa na kadi. Kamati ikimtambua mtu, imetosha.

Ikabaki tarehe. Mushiya alikaa ukumbini na simu, akafungua ile kazi yake. Alikuwa ameuza pakiti arobaini za fremu hizo. Tarehe za wafu alikuwa amewaandikia wateja wengi, wasioweza kuandika wenyewe, na vidole havijawahi kumgomea. Sasa viligoma. Baba yake akaja akakaa kando.

"Andika lundi," alisema.

"Lundi tulikula wote, tata. Ulinisaidia kubeba maji."

"Ndo nakuambia. Andika."

Akaandika Jumatatu. Akafuta neno MODÈLE. Beya aliomba simu, akaisogeza karibu na macho, akaanza kuitazama picha kama mtu anayekagua kitu dukani: maua, jani moja moja, kivuli cha mshumaa, njiwa. Tangu binti yake aanze kazi ile hakuwahi kuitazama hivyo. Alikula matunda yake na kutazama pembeni.

"Haya yote ulichora na kidole?"

"Na kidole."

"Ni kazi muzuri," akasema. "Sikujua kama ni kazi muzuri hivi."

Mushiya alikuwa amelingoja neno hilo tangu Lubumbashi. Lilipofika hakujua aliweke wapi. Alitoka nje akajifanya anaanua nguo.

*

Ijumaa Mukuna hakufika. Alipiga simu saa nne, yuko Mutshatsha, ekseli ya lori imekatika, anatafuta pikipiki. Dirisha lilifungwa saa sita. Kila mtu anayeijua barabara ile alijua kwamba pikipiki haingefika kabla ya jioni.

Tshiela alikuwa kwenye foleni na kitenge cheusi alichoazima, kitambaa kimemficha nywele ambazo alikataa katakata kuzinyoa. Mushiya alimshika mkono. Kabemba alikaa kwenye kiti cha kamati kando ya dirisha na daftari lake, hawatazami. Beya alikuwa ameambiwa abaki nyumbani. Hakubaki. Alisimama mbali, kwenye goli la mpira, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na majirani wa miaka ishirini walipita mbele yake bila kumsalimia. Mushiya hakuweza kujua kama ni kwa huruma, au kila mmoja alikuwa anangoja tu mwingine aanze kumchongea. Mtu mmoja akisema neno moja, fidia imekwenda, na juu ya hayo Beya ameingia jela kwa udanganyifu. Mushiya alihesabu watu waliobaki mbele yao. Tisa. Alitamani wawe mia, kisha akatamani asiwepo hata mmoja.

Saa tano na nusu ikaitwa mia mbili na kumi na nne.

Banza alipokea picha, ambayo Mama Elise aliichapisha bure kwa kusutwa na dhamiri. Akaitazama. Akamtazama Tshiela, akampa pole, akamuuliza bwana wake alifariki siku gani.

Mushiya alimbana mama yake vidole. Tshiela alitazama mbao ya dirisha, midomo ikafunguka, ikafungwa. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno lile siku mbili nzima, lundi, lundi, hata jikoni, na sasa halikutoka. Banza aliuliza tena. Kisha akauliza ndugu wa marehemu yuko wapi. Kabemba akasema yuko njiani. Banza akatazama saa, akaanza kufunga faili, akasema basi ataingia kwa wenye malalamiko.

"Niko hapa," mtu akasema nyuma yao.

Watu walipisha. Beya alikuja mpaka dirishani, akavua kofia, akasimama karibu na mke wake bila kumgusa.

"Wewe ni nani?"

"Mi ni Mukuna. Ndugu yake mudogo. Natoka Dilolo."

Banza aliomba kadi, Beya akasema hana. Kalamu ikasimama hewani. Banza alikuwa amemwona mtu huyu Jumanne, kwa dirisha hilihili, na Mushiya alimwona anamkumbuka. Hakuna namna nyingine ya kueleza jinsi uso ule ulivyobadilika. Banza akamgeukia Kabemba.

Kabemba alisomesha katekisimu miaka thelathini. Akasimama kutoka kwenye kiti.

"Kamati inamujua," akasema. "Ni Mukuna."

Yule aliyewasema Bakasai alikuwepo, wa nne nyuma, na Mushiya alimtazama, na yeye akatazama viatu vyake. Banza alichukua ile picha, akaiinua, akaweka macho kwenye picha, akayaweka kwa mtu.

"Mulifanana."

"Bantu bote banasema vile."

"Alikufa siku gani?"

"Lundi."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Apana," Beya akasema. "Alichoka."

Banza aliandika. Kisha akasoma karatasi ya tamko, haraka, jinsi alivyoisoma mara nyingi wiki ile, akamwambia sheria inataka ndugu aseme kwa sauti, akigeukia watu, ili kesho asije na gari kumsumbua mjane. Beya aligeuka. Alikuwa na kofia mikononi, anaizungusha ukingo. Mbele yake walikuwa watu waliomwona akifyatua matofali yale, waliokunywa maji yake, wengine waliomsaidia kupandisha mabati.

"Ile nyumba si yangu," akasema.

"Kwa nguvu kidogo, tata. Ba nyuma habasikie."

"Ile nyumba si yangu. Sikuijenga. Sitaidai, mi wala batoto yangu."

Banza akampa wino, Beya akabonyeza dole gumba, Tshiela na Mushiya wakasaini chini yake. Muhuri ukagonga. Bahasha ya fidia ilipitishwa kwa Tshiela, na alipoishika tu ile sauti iliyomkwama siku zote tatu ikatoka, akaanza kulia kilio cha mjane, kirefu, kwa Kiluba cha Kasai, anamwita mume wake kwa jina lake na jina la baba yake, na mama wa foleni mmoja mmoja wakampokea. Kijana wa dirishani akatoa mkono nje.

"Pole sana, tata," alimwambia Beya. "Pole kwa msiba."

Beya aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, kama mfiwa anavyofanya.

"Asante," akasema. "Alikuwa mutu muzuri."